Beberu wa Mama Hakwenda Ukweni

Kwa miaka mingi baba yangu aliwaharibu mbuzi wake kwa sababu ya heshima. Sisemi hivyo kwa ubaya. Karibu kila mzee wa upande wetu wa Kola alifanya vivyo hivyo. Kila beberu mzuri aliyezaliwa kwetu alikuwa na mwenyewe kabla hajaota pembe. Huyu alikuwa wa harambee ya kanisa, maana mzee wa kanisa hawezi kupeleka mbuzi wa aibu kwenye mnada mbele ya majirani. Yule alikuwa wa Krismasi. Mwingine alihasiwa ili anenepe, akauzwa kwa wachinjaji waliokuja na pikapu kutoka Nairobi, watu ambao mbuzi mdogo hawakumtazama mara mbili. Aliyebaki zizini kupanda majike ni yule aliyekosa mtu wa kumtaka: kifua chembamba, miguu ya nyuma imegusana magoti, kikohozi kila asubuhi. Huyo ndiye aliyekuwa baba wa zizi zima.

Matokeo tuliyaona, ila hatukuelewa tunaona nini. Majike walizaa mtoto mmoja mmoja, na wengine waliruka mwaka mzima. Watoto walizaliwa mwezi wowote ule. Waliozaliwa Septemba, wakati milima imebaki mawe na vumbi, walinyonya ziwa tupu siku nne tano kisha tukawazika chini ya mkonge. Baba alisema ni ukame. Sisi sote tulisema ni ukame. Ukame wa Ukambani umesingiziwa mengi.

Aliyeelewa ni mama, na alielewa akiwa jikoni. Baada ya kila mavuno alichagua mahindi makubwa, yaliyojaa punje hadi kwenye ncha, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayatundika juu ya moto yapate moshi ili wadudu wasiyaguse. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Njaa ije isije, hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha mkono huko. Jioni moja alikuwa juu ya kigoda akiyatundika, baba akaingia kumwambia kwamba beberu mwekundu atakwenda harambee Jumapili. Mama hakushuka. Alimwuliza, kwa upole kabisa, kwa nini basi wasiipeleke kanisani mbegu hii, halafu wapande yale mahindi yaliyotafunwa na panya. Baba akajibu kwamba hayo ni mahindi. Beberu mwekundu akaenda harambee.

Mama hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kurudia. Jambo akilisema leo, kesho atalisema tena kwa sauti ile ile, na keshokutwa, mpaka ukubali ili upate kupumzika. Katika zizi lile mbuzi wote waliitwa wa baba isipokuwa ukoo mmoja. Mama alipoondoka kwao akiwa msichana, bibi yangu alimpa jike mmoja wa kahawia mwenye masikio marefu, na vizazi vyote vya jike yule viliitwa vya mama. Katika miaka ya tisini ukoo huo ulikuwa umebaki na jike mmoja tu. Mama alimfunga kamba, akatembea naye tangu asubuhi hadi mchana kwenda kwa kikundi cha akina mama kilichokuwa kimewekewa beberu mkubwa mweupe, wa aina inayotoka kaskazini, na afisa wa mifugo. Miezi mitano baadaye jike alizaa mapacha, dume na jike. Mama akamwambia baba kwamba yule dume haguswi. Hatahasiwa, hatauzwa, hataenda kanisani. Baba alicheka. Mama akarudia kesho yake.

Beberu yule alikua hadi akatutisha. Alikuwa mweupe mwenye shingo ya kahawia, na alipojinyoosha kula matawi ya juu alimpita baba kimo. Lakini kilichomfanya ajulikane kijijini si ukubwa wake bali nguo yake. Mama alikuwa amehesabu kwa vidole: mbuzi hubeba mimba miezi mitano, kwa hiyo anayetaka watoto wazaliwe Novemba, mvua fupi zikishaleta majani, lazima majike wapandwe Juni. Miezi mingine beberu alivaa kipande cha gunia kilichofungwa kwa kamba ya mkonge mgongoni na kuning'inia chini ya tumbo, kikamzuia kufanya kazi yake. Gunia hilo lilikuwa kama aproni, na watu wakampa jina la mpishi. Vijana waliopita barabarani walimsalimu, "Niaje, mpishi?" Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mama alikuwa pia na ukatili wake. Jike aliyeruka misimu miwili aliuzwa hata awe mrembo namna gani, na jike mbaya wa sura aliyezaa mapacha akapewa mahali pazuri karibu na mlango. Agosti aliokota maganda ya mgunga yaliyoanguka, akayajaza kwenye magunia, akayatwanga kwenye kinu na kuwapa majike walipokaribia kuzaa. Majirani walioleta majike wao kwa mpishi hawakutozwa chochote ila gunia moja la maganda. Mjane mmoja aliyeishi ng'ambo ya korongo alikuwa wa kwanza kuleta. Wengine walicheka kwanza, wakaleta baadaye. Ilipofika mwaka wa pili wa kazi ya beberu yule, zizi letu lilikuwa na mapacha wengi kiasi kwamba baba alianza kuwaonyesha wageni, akisema "mbuzi wangu."

Mimi wakati huo nilifanya kazi kiwandani, Athi River. Nilirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkate na majani ya chai, nikijiona mtu wa mjini, na nikamwita mama daktari wa mbuzi. Alinivumilia. Kisha Pasaka moja, mwaka uliotangulia mvua za Elnino, nilirudi na habari kwamba nataka kuoa. Kusema kweli tulikuwa tunaishi pamoja tayari, mimi na mchumba wangu, kwenye chumba kimoja nyuma ya kiwanda, kama walivyofanya wengi. Baba yake alikuwa ametuma neno fupi: hakuna mazungumzo yoyote kabla ya ntheo.

Kwetu Wakamba, ntheo ndiyo ndoa. Mahari inaweza kulipwa polepole hadi uzeeni, lakini siku ya ntheo upande wa mume hupeleka mbuzi, na miongoni mwao beberu mmoja mkubwa asiye na kilema, akachinjwa kwa kina mke, pande mbili zikala pamoja. Kabla ya nyama hiyo kuliwa, mwanamke bado ni wa kwa baba yake, hata awe na wajukuu. Na mkono mtupu haulambwi: ukipeleka kibeberu kidogo utakumbushwa mpaka kaburini.

Baba alifurahi. Alimwita kaka yake mkubwa, tukakaa watatu sebuleni, mama akaleta chai. Baba akatangaza kwamba beberu si shida, tunaye, na nchi hii yote haina mwingine kama yeye. Nilimwona mama akisimama na birika mkononi. Lakini aliyeanza kusema ni baba mkubwa. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Utachinjaje ya mtoto," akamwuliza baba, "na yako hujachinja?"

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na hilo sikulijua. Wazazi wangu walikuwa wameondoka tu pamoja, ujana wao, na baadaye wakafungishwa ndoa kanisani na mchungaji aliyewaambia kwamba mambo ya mbuzi ni mambo ya giza. Baba alilipa mahari kidogo kidogo, ng'ombe huyu, blanketi lile, lakini ntheo hakuipeleka kamwe. Mwanzoni alikosa beberu wa kufaa, baadaye akazoea. Sasa desturi ilimshika shati: baba ambaye hajachinja yake hawezi kumchinjia mwanawe. Ilibidi aanze na mama.

Baba alifikiri kidogo, uso ukamng'aa. Jambo lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Beberu wa mama ataenda kwa kina mama, na mimi nitatafutiwa mwingine wa kadiri. Tena beberu huyo alikuwa anaondoka hata hivyo. Hilo lilikuwa kweli. Mabinti zake walikuwa wamekaribia umri wa kupandwa, na mama hakutaka awapande mabinti zake mwenyewe, kwa kuwa alishaona kwa wengine watoto wanaozaliwa hivyo: dhaifu, taya limepinda. Alikuwa amepatana na mwanamke mmoja wa Ndithini, waliyejuana kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, kwamba mwisho wa Agosti wabadilishane mabeberu, dume kwa dume.

"Kama anaenda Ndithini," baba akasema, "si afadhali aende kwenu?"

"Akienda Ndithini, mwingine anakuja," mama akasema. "Akienda kwetu, anakuja nani?"

"Unakuja wewe. Unakuwa mke wangu kabisa."

Mama alitua birika mezani. "Huyo beberu ni wangu, mzee. Bibi wa bibi zake nilitoka naye kwetu nikimvuta kwa kamba. Nikimtoa yeye, si wewe umenioa. Nitakuwa nimejioa mwenyewe."

Akatoka nje. Baba mkubwa akatazama chai yake kama mtu anayetafuta nzi ndani. Baba alisema wanawake wa siku hizi, ingawa mke wake alikuwa amevuka hamsini.

Mimi nilikasirika, na nilimkasirikia mama. Ndoa yangu ilikuwa imefungwa kwenye shingo ya mbuzi anayevaa gunia. Nilimfuata zizini, nikamwambia mambo ambayo leo sipendi kuyakumbuka: kwamba ananizuia maisha kwa sababu ya mnyama, kwamba hata yeye mwenyewe anaumia. Alikuwa ameinama akikagua kwato za jike mmoja. Aliniuliza kama ninamkumbuka mwanamke fulani wa kanisani kwetu aliyefariki nikiwa shule ya msingi. Nilimkumbuka. Jeneza lake lilikaa juani tangu saa nne hadi karibu na jioni, kwa sababu ndugu zake walikuja kudai kwamba ni wao wa kumzika, hajaolewa, na wanaume wakakimbia kila upande kutafuta mbuzi.

"Kila nikichimba fanya juu hapa," mama akasema, akimaanisha yale matuta ya shambani aliyoyachimba nusu ya maisha yake, "huwa najiuliza namchimbia nani."

Nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini asimtoe huyo beberu mambo yaishe.

"Miaka yote hii nimengoja mtu atoe kitu kwa ajili yangu, mwanangu. Siwezi kungoja hivyo halafu nijitolee mwenyewe."

Nilirudi Athi River na hasira zangu, lakini nilizibeba bila raha.

Baba alianza kutafuta beberu. Alikwenda soko la mbuzi la Kola, akaenda Machakos mjini, akafika hadi Katelembo kwa sababu aliambiwa kuna wafugaji. Kila soko alishika migongo, akafungua midomo, akapima vifua kwa viganja. Wakubwa wote walikuwa wamehasiwa, na desturi ya kwetu inataka dume kamili. Wasiohasiwa walikuwa vibeberu vya magoti yaliyogusana. Wauzaji walimweleza bila kuulizwa kwamba wazuri wameenda Nairobi, wengine wameliwa Krismasi, na mmoja alijisifu kwamba wake alivunja rekodi ya mnada kanisani. Nilipokuja mwisho wa Juni nilimkuta baba amerudi kutoka soko la nne, viatu vyeupe kwa vumbi. Nje, beberu wa mama alikuwa amevuliwa gunia na yuko kazini, akinguruma, mabinti zake wakiwa wametengwa kando.

Tulikuwa tunakula. Baba akasema, kwa sahani yake zaidi kuliko kwetu, kwamba nchi nzima imejaa mbuzi kama yule wetu wa zamani, yule wa kikohozi. Mama hakusema nilikwambia. Alimwongezea mboga, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa baya zaidi. Baba alitafuna muda mrefu. Kisha akauliza kama yule mjane wa ng'ambo ya korongo bado ana wale mapacha.

Mjane alikuwa nao. Walikuwa madume wawili, watoto wa beberu wa mama wa msimu wake wa kwanza, karibu miaka miwili sasa, mabega mapana, rangi ya baba yao. Baba alivaa koti, akashuka korongo, akapanda upande wa pili. Alirudi mikono mitupu. Mjane alikuwa amemwambia kwamba mbegu haiuzwi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mke wa mzee mwenyewe. Baba akaenda mara ya pili na ahadi ya majike wawili wachanga. Mjane akasema atafikiria, ila kwa sasa kichwa chake kimejaa habari ya paa la kibanda cha mbuzi, ambalo upepo uliling'oa na hana mtu wa kulirudisha.

Ndipo baba, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mnada, akakaa siku tatu juu ya kibanda cha mbuzi cha mjane, misumari mdomoni, mahali ambapo kila apitaye barabarani alimwona. Walimwuliza anafanya nini. Alijibu kwamba anaoa. Ilienea kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Mama alikuwa upande wetu wa korongo akipalilia, na kila nyundo ilipogonga aliinua kichwa. Miaka mingi baadaye alikiri kwangu kwamba ni yeye aliyemwambia mjane asikubali upesi.

Siku ya nne baba alirudi na beberu. Alikuwa yule mdogo kidogo kati ya wawili. Mkubwa mama alikuwa ameagiza abaki kwa mjane kwa ajili ya majike wake. Hata hivyo alikuwa mbuzi ambaye soko zima la Kola halikuwa naye.

Tulikwenda kwa kina mama Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mama alivaa gauni la bluu na kutembea nyuma ya wanaume kama desturi inavyotaka, akiwa na nywele nyeupe na mtoto wa kiume mwenye ndevu, na wifi zake wakamtania njia nzima kwamba bibi harusi asikimbie. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alimpokea beberu mlangoni. Alimpitishia mkono mgongoni, akamshika masikio yale marefu. Zizi lao nilikuwa nimeliona tukiingia; kulikuwa na vijike vyembamba saba au vinane, na kibeberu kimoja cha kukohoa. Mwishowe akasema kwamba mbuzi huyu anafanana na wa mama yao marehemu, na kwamba kusema kweli mkono wake unakataa kisu. Wazee wakatazamana. Bila kuchinja hakuna ntheo.

Mama, ambaye siku hiyo hakutakiwa kusema neno, alisema kutoka kule walikoketi wanawake:

"Mchinjeni. Baba yake yuko nyumbani."

Wakachinja. Baba alimletea mama kipande chake kwa mkono wake mwenyewe, na nilimwona akitafuna polepole sana. Sijawahi kumwona mtu akila nyama kwa uangalifu hivyo.

Mwisho wa mwezi baba mwenyewe alipanda pikapu ya kukodi na beberu wa mama hadi Ndithini, akarudi na mwingine mweusi, akalalamika wiki nzima kwamba tumepunjwa masikio. Majike waliopandwa Juni walizaa Novemba. Mvua zilikuwa chache mwaka ule, lakini magunia ya maganda yalikuwepo, na tulizika watoto wawili tu. Ntheo yangu ilipita Desemba, na beberu niliyejinunulia mwenyewe kwa mshahara wa kiwandani. Alikuwa mdogo. Wakwe zangu walimla kwa heshima na hadi leo huniuliza kama yule paka alitoka Athi River au alitoka Nairobi.

Mama alifariki miaka kumi baadaye, msimu wa matuta kuchimbwa, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ndugu zake walikuja asubuhi na mapema, wazee watano na fimbo zao, na nakiri kwamba nililikumbuka lile jeneza la juani nilipowaona wakiingia uani kwa mstari mmoja. Hakuna aliyeuliza azikwe wapi. Walisaidia kushusha jeneza kwenye ardhi aliyoichimba mwenyewe, tuta la tatu kutoka juu, saa sita mchana, bila kungojana na mtu. Sikulia hapo. Nilikuwa na shughuli nyingi, viti, chai, wageni.

Jioni, walipokuwa wakiaga, mjomba alimwambia baba kwamba ana ombi moja, na anaona aibu kulitaja siku kama hii. Mbuzi wao kule wamekwisha. Baba aliinuka. Alikwenda zizini, nami nikamfuata nikidhani anamtafutia kibeberu chochote cha kumridhisha. Kulikuwa na madume wanne wachanga. Baba aliwapita watatu, akamfungua yule wa nne, mweupe mwenye shingo ya kahawia, bora kuliko wote, ambaye wachinjaji walikuwa wameshamwulizia mara mbili. Akamwekea mjomba kamba mkononi na kumfungia kiganja juu yake.

"Huyu si wa kuliwa," akamwambia. Kisha, kwa sababu mjomba alikuwa akiitikia haraka haraka kama mtu mwenye safari, akarudia tena kwa sauti ile ile. Akarudia mara ya tatu.

Hapo ndipo nilipolia.